Hénock Banza, Aliyerudi Motoni Mara ya Tatu

Bamama, batata, wazazi wetu, na ninyi nyote mliofika hapa Dilala kulia pamoja nasi, mimi ni Benoît, kaka mkubwa wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, nami nimekubali kwa sababu kuna neno ambalo Mama yetu hajalijua, na nikingoja tubaki wawili nyumbani sitapata nguvu ya kulisema.

Marehemu Hénock Banza alizaliwa hapa Dilala tarehe 14 Machi 2001, mtoto wa tatu na wa mwisho wa baba yetu, Tata Nkongolo, fundi mstaafu wa magari moshi ya mgodini, na Mama Ernestine Mianda.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 2007 hadi 2013, kisha sekondari upande wa umeme, akapata diploma ya Serikali mwaka 2019, ingawa alikuwa mbishi kupindukia na walimu walimfukuza mara mbili kwa ubishi huo. Katikati ya masomo hayo, tarehe 7 Aprili 2018, ndugu yetu Mechack alifunikwa na udongo ndani ya shimo la madini ya kobalti alilochimba kule Kasulo, chini ya nyumba aliyokuwa amepanga. Hénock alitaka kushuka kumfuata, mimi nikamkamata kiunoni, nikamwangusha, nikamlalia mpaka akachoka kunipiga, kwa kuwa mimi ni mchimbaji na nilijua Mechack ameshakufa. Miezi miwili hakunisalimia. Mama naye, matanga yalipoisha, alimwapisha juu ya Biblia kwamba hataingia kamwe chini ya udongo, naye akaapa.

Alifunga nyaya za pikipiki za teksi sokoni, hadi alipobahatika katika bahati nasibu ya viza ya Amerika, akasafiri tarehe 9 Septemba 2021, akapokelewa na shangazi yetu Abigaëlle, na tarehe 16 Januari 2023 akaingia jeshi la wanamaji la huko, akapangwa kwenye meli ya kubeba ndege za kivita. Alituma picha akiwa amesimama juu kabisa, penye upepo, ndege nyuma yake, Mama akaitundika sebuleni na kumwambia kila mgeni kwamba mtoto huyu, tofauti na wengine, anafanya kazi kwenye hewa safi.

Mama, nisikilize. Hénock hakufanya kazi juu. Alikuwa kwenye pampu za mafuta ya ndege, ngazi sita chini, chumba kisicho na dirisha, na aliponiambia kwa simu alicheka akasema kule hakuna udongo, ni chuma tupu, kisha akaacha kucheka, akaniomba mimi kaka yake nimfiche Mama: «Yaya, mama asiyue.» Nami nikanyamaza miaka miwili.

Tarehe 20 Julai 2024 tulimpelekea mahari mchumba wake, Glodie Mushiya, mimi nikisimama mahali pa bwana harusi, na ndoa ya kanisani ilipangwa Desemba hii. Watoto, hakuacha.

Tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, meli ikiwa mbali baharini, moto ulilipuka karibu na pampu hizo. Barua ya kamanda inasema Hénock alikuwa ameshatoka salama, akarudi akamtoa mwenzake mmoja, akarudi akamtoa wa pili, na alipotaka kurudi mara ya tatu mkubwa wake alimkataza, akimwambia kwamba aliyebaki amekwisha kufa. Wazee husema sikio la kufa halisikii dawa, lakini mimi nasema alikatazwa kwa mdomo tu, hakuna aliyemkamata kiunoni. Alitoka na maiti begani, naye ameungua mwili mzima, akatibiwa siku nne humo humo melini, akafariki Jumapili tarehe 15 Juni, akiwa na miaka ishirini na minne. Sanduku limekuja limefungwa, hatukumwosha, hatukumwona uso. Nishani ile pale inamwita shujaa, lakini mimi najua alikwenda kumtoa nani, alikwenda kumtoa Mechack, ambaye nilimzuia asimtoe, na ambaye mpaka leo yuko chini ya nyumba ile.

Familia inawashukuru madaktari wa melini, wanajeshi wenzake waliomleta, majirani waliolala nasi kwenye mikeka, na waendesha pikipiki waliomsindikiza kutoka uwanja wa ndege. Mama wa kijana mmoja aliyeokolewa alimpigia Mama simu, hawana lugha moja, wakalia tu mpaka salio likaisha, na familia inanituma nimshukuru. Namshukuru kwa niaba ya familia. Kwa niaba yangu sijaweza, kwa sababu mtoto wake yuko nyumbani anakula.

Mama, hasira yako uiweke kwangu, usimwekee yeye. Sijui tukitoka makaburini utanitazama vipi, na sina mdogo mwingine wa kuniombea msamaha kwako. Wewe Hénock, mdogo wangu, pumzika kwa amani.