Nyasi za Njia ya Kanisani

Kila Jumanne basi dogo la kaunti hutubeba wazee wa Nebraska kwenda zahanati. Leo mbele yangu alikaa Verlyn, akimsimulia mama mmoja asiyemjua. "Serikali inanilipa nisilime ekari arobaini. Niache nyasi ziote, kware watage humo. Mwezi Juni nikazifyeka zote."

"Kware wakiwa wanalalia mayai?"

"Shamba liko njia ya kanisani, mama. Kila Jumapili watu wanapunguza mwendo, wanayatazama magugu yangu kama vile nimeshakufa."

Mimi ni mmoja wao. Nikageukia dirishani.

"Serikali ikakukatia malipo," mama akasema.

"Ya mwaka mzima."

"Umejitakia, mzee mwenzangu. Mimi shamba langu liko kwenye mpango huo huo miaka sita, nyasi zinanifika kifuani, sijagusa hata jani."

"Na wenzako kanisani hawasemi?"

"Walisema sana. Nikahamia kwa Wamethodisti."

Verlyn, Mlutheri tangu kubatizwa, aliguna akasema bora akose hela kuliko kuhama kanisa. Tulipofika zahanati alimshika mkono mama yule ashuke ngazi, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini huko kwa Wamethodisti ibada huanza saa ngapi.