Kura za Ukumbi Huu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Shule, Mchungaji wetu ambaye pia ni baba yangu mzazi, walimu wenzangu, wazazi, wanafunzi. Na wewe, Mwalimu wa Fizikia, tunayekuaga leo baada ya miaka thelathini na mmoja: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa niseme machache juu ya mdahalo. Nyinyi wanafunzi mnaukuta kwenye ratiba, mnadhani ulizaliwa pamoja na shule. Sivyo. Uliletwa na watu wawili, mmoja mchungaji aliyefundisha dini hapa, mwingine asiyeamini kwamba Mungu yupo, waliokuwa wakibishana katika chumba cha walimu mpaka chai inapoa, hata Mkuu wa wakati ule akawaambia kama kunyamaza kumewashinda, wakabishane ukumbini, watoto nao wafaidi.

Wazee wa hapa mnakumbuka sharti lao? Hakuna aliyeruhusiwa kumpinga mwenzake kabla hajaieleza kwanza hoja ya mwenzake huyo, mpaka mwenyewe aseme, "Ndivyo." Mwaka mmoja Mwalimu aliieleza huruma ya Mungu vizuri mno, wapishi waliosimama nyuma wakaitikia "Amina." Baba akainuka taratibu, akamwambia, "Jumapili nina udhuru, mwenzangu. Utanishikia zamu?" Tulicheka mpaka mabenchi yakalia. Mwalimu alijibu kwamba angekuja, ila sadaka asiulizwe.

Mwaka wangu wa mwisho nikiwa mwanafunzi hapa, swali lilikuwa hili: bila Mungu, kwa nini mtu asitende uovu pale asipoonekana? Baba alisema dhamiri ni sauti, na sauti ina mwenyewe. Mwalimu alisema yeye hadhulumu kwa sababu anayedhulumiwa ni mtu, na hilo kwake linatosha. Wanafunzi wakapiga kura kwa vikaratasi. Mimi, katibu wa mdahalo, nikaenda kuvihesabu peke yangu katika stoo ya ramani.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, na imani yangu ilikuwa kali kuliko ya baba. Nilihesabu mara tatu. Niliogopa kwamba Mungu ameshindwa, na kwamba ni juu yangu kumwokoa. Basi nikatoka, nikasimama hapa niliposimama sasa, nikatangaza kwamba Mchungaji ameshinda.

Mwalimu hakuwa mtu wa kutupa karatasi. Alivichukua vikaratasi vile ili migongo yake iwe lebo za chupa za maabara. Jumatatu aliniita. Juu ya meza palikuwa na mafungu mawili, kila moja limewekewa jiwe la mizani.

"Umeyaona, binti yangu?"

"Nimeyaona, Mwalimu."

"Haya. Mwakani utakuwa umeshamaliza, lakini njoo. Nataka uhesabu wewe."

Nikasubiri amwambie baba. Hakumwambia. Mwaka uliofuata nikaja, nikahesabu, baba akashinda kwa kura sita za halali, na Mwalimu akawa wa kwanza kumpa mkono. Ni nani aliyekuwa akiniona, miaka yote hii? Bado sina jibu ambalo wote wawili wangeliitikia "Ndivyo."

Leo asubuhi, baba akifunga vifungo vya shati lake, nilimweleza. Aliviacha vifungo, akaketi kitandani. Akasema, "Kwa hiyo nimekuwa nikimtania kwa ushindi wake mwenyewe." Kisha akaniambia nisikiri kwake peke yake; niliudanganya ukumbi, ukumbi ndio uambiwe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kumbukumbu za shule zisahihishwe. Mchungaji, kura mia moja na nane. Mwalimu wa Fizikia, kura mia moja kumi na mbili. Mwalimu, ulishinda. Naomba radhi mbele ya wote.

Nawashukuru nyinyi nyote kwa kunisikiliza, na wewe, Mwalimu, kwa kunisubiri.