Rangi Tano za Nesi

Basi lilipoondoka, fundi cherehani alijitia kutazama dirishani, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele.

"Nesi kaniambia mwanangu ale rangi tano kila siku," mama mmoja, mgeni katika nchi ile, alikuwa akimweleza mwenzake wa kiti. "Soko la mboga mpaka upande mabasi mawili, na nikitoka kazini nalikuta limefungwa. Duka la mtaani kwetu ni pipi tupu. Basi nikampa pipi, rangi zote tano!"

"Dada wee! Nesi alimaanisha mboga na matunda!"

"Nimejua jana. Lugha yao bado inanipiga chenga."

Fundi akajikohoza kuficha kicheko. Basi likafunga breki, mama akainuka.

"Angalau ya kijani alikula?" mwenzake akamuuliza.

"Thubutu! Hiyo aliitema."