Papa Mushagalusa na Sauti ya Mi-solo

Baada ya kuitumikia shule yetu kwa miaka thelathini na mmoja, Papa Mushagalusa, fundi wa umeme, anaingia pensheni tarehe 4 Julai.

Alitoka Bukavu akiwa kijana, akapewa kazi ya kutunza taa na kengele. Hakuna aliyemwajiri kwa ajili ya gitaa. Orkestra ya wanafunzi aliianzisha mwenyewe, kwa furaha yake.

Nyumbani kwake Keshero, Papa hutafuta sauti za magitaa ya sahani za santuri za zamani za rumba, zile alizozisikia kwa baba yake. Hana studio. Ana spika ya radio iliyokufa, kipande cha sponji cha kutuliza nyuzi, na pipa tupu. Spika huingia ndani ya pipa ili sauti ipate mwangwi. Husikiliza sahani, hupiga, husikiliza tena. Mkewe, Mama Léonie, analalamika kwamba courant ya umeme ikirudi yeye hukimbilia pasi, Papa hukimbilia gitaa, na priza ya ukutani ni moja.

Sauti anayoipenda zaidi ni ya mi-solo, gitaa linalopita kati ya solo na lile la kusindikiza. Ili aipate, huondoa uzi wa nne na kuweka mwembamba kama wa kwanza. Siku ya mazoezi ya kwanza mwaka jana, alitangaza kwamba anataka mi-solo. Kanyere, mwanafunzi wa orkestra, alielewa kwamba Papa anataka kupiga peke yake: mi, solo. Kwa heshima akawatoa wenzake wote nje na kufunga mlango. Papa alipomaliza kukaza nyuzi, aligeuka akakuta viti vitupu. Alicheka sana, kisha akamfundisha Kanyere gitaa hilo.

Wasiwasi wake ulikuwa mmoja: kwamba akiondoka, gitaa litatupwa depo, kwenye stoo ya shule, na sauti hiyo itanyamaza. Wiki iliyopita, akiwa juu ya ngazi anabadilisha taa ya korido, aliuliza nani ameleta sahani yake shuleni. Hakuna aliyeileta. Alishuka, akamkuta Kanyere darasani akipiga mi-solo, spika imo ndani ya pipa la mama wa usafi. Alisikiliza wimbo mpaka mwisho.

«Sasa ni we, solo,» akasema, akarudi kwenye ngazi yake.

Papa, asante kwa taa, kwa kengele na kwa nyuzi. Tunakuombea afya, courant isiyokatika, na priza ya pili kwa ajili ya Mama Léonie. Gitaa halitaingia depo.

Micheline, kwa jina la orkestra