Kahawa ya Kazi ya Binti Mhoja

Benchi letu liko Mikumi, upande wanakopaki malori yanayotoka Iringa, katikati ya kibanda cha pancha na birika langu. Naitwa Ashrafu, kahawa nauza mimi, na anayesema kahawa yangu nyepesi akanywe kwao. Benchi lina sheria moja ambayo haijaandikwa popote: mtoto wa mwenzetu akipata kazi, mzazi wake ananunulia watu wote birika zima. Tunaiita kahawa ya kazi. Lakini kwanza mzazi asimame aitaje hiyo kazi kwa sauti, na kila aliyekaa aweke kikombe chake wima. Kimoja tu kikifudikizwa, simimini. Jumamosi hiyo asubuhi mzee Mhoja alifika kutoka Tindiga na shati jipya, mikunjo ya dukani bado imo, akasalimia, akakataa kukaa.

— Leo nanunua mimi, — akasema. — Kahawa ya kazi.

Tukapiga makofi. Mhoja ni Msukuma, mtu wa ng'ombe na mpunga, na amekunywa kahawa za kazi za watoto wa wenzake miaka yote bila kununua ya kwake. Binti yake Editha amepanga chumba hapa Mikumi mwaka wa tatu sasa.

— Mwanangu Editha, — akaanza, — amekuwa... yaani anafanya... anaandika. Wa kujitegemea. Na ile nyingine. Podikasti.

— Kaajiriwa na nani? — akauliza Yassin.

Yassin tunamwita Pingamizi. Ana mashine ya kusaga, unga hautoki kwenye nyusi zake, na tangu nimfahamu hajawahi kukubali jambo kwa mara ya kwanza.

— Hajaajiriwa. Anajitegemea.

— Ofisi iko wapi?

— Hana.

— Bosi?

— Hana.

— Basi hana kazi, mzee Mhoja. Ana shughuli. — Na kikombe chake akakifudikiza kwenye mbao, ta!

Mhoja akabaki amesimama na hela mkononi. Nilitamani kummwagia Pingamizi birika zima, na lilikuwa la moto.

— Ngoja kwanza, — akasema Wenceslaus, ambaye kwetu ni Geti, kwa sababu alilinda geti la hifadhi mpaka akastaafu. — Mimi Jumatatu huwa namwona pale baraza la gesti, kompyuta mapajani. Anaandika, anaandika, dereva akishuka tu anamfuata na maswali. Umelala wapi? Nyumbani umemwacha nani? Ukiwa kwenye usukani unaogopa nini? Miaka thelathini nimesimama getini, namjua mtu anayeuliza maswali bila kukata risiti. Yule ni mtu wa usalama wa taifa.

— Usalama gani anavaa ndala? — akasema Mhoja.

— Ndio wenyewe hao!

Akacheka Amon, fundi wetu wa pancha. Jina lake la kijiweni ni Presha, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya mdomo wake.

— Wazee, heshima zenu, ila Alhamisi nyie hamjaiona. Mama mwenye nyumba wangu ana stoo ya mpunga hapa nyuma ya kibanda changu. Saa nane mchana, jua kali kinoma, dada Editha anaingia mle katikati ya magunia, anajifunika blanketi gubigubi, anaanza kuongea peke yake. Neno moja anarudia mara sita! Akatoka jasho linamtiririka, akaniambia, "Presha, nizimie kompresa dakika kumi tu."

— Ukazima?

— Nikazima. Nani abishane na mtu anayeongea na majini?

— Majini gani! — Mhoja akapandisha sauti. — Magunia yanazuia kelele za malori. Kanieleza mwenyewe.

— Na blanketi, mzee wangu? Linazuia baridi?

Watu wakacheka mpaka benchi likatikisika. Mimi nilikuwa na Jumatano yangu, nikaibana. Jumatano Editha hukaa mwisho wa benchi hili hili, spika za masikioni, anasikiliza kitu na kuandika, anarudisha, anaandika tena. Siku moja alicheka peke yake, halafu akafuta machozi, halafu akaniomba kahawa ya pili. Ningelisema hilo saa ile ningekuwa nimemmaliza mzee Mhoja.

— Mnacheka, — akasema Pingamizi, — ila mimi sicheki. Jumanne iliyopita nilikwenda Mvumi, hii ya jirani na Kimamba, kumpelekea mama unga. Namkuta nani kibarazani? Huyo binti. Amekaa na mama yangu, goti kwa goti, ana kidude cheusi anakisogeza mdomoni kwa bibi wa watu, na mama anaongea utadhani kafunguliwa. Nilipotokea tu, wakanyamaza wote wawili. Mnajua shamba la mama lilivyo, mpaka mtoni? Wanachukua sauti ya kizee akisema ndiyo, ndiyo, kesho mnaambiwa ameuza.

— Mwanangu hanunui mashamba ya watu!

— Basi anamtafutia mwingine.

— Inawezekana, — akasema Geti, na macho yakamtoka. — Ila nimesikia kubwa kuliko hilo. Zinakusanywa sauti za wazee wote wa nchi hii, zinapelekwa nje, zinawekwa kwenye mashine. Mzee akifa, unapigiwa simu anakuomba hela, na ni sauti yake kabisa!

— Mungu wangu, — akasema Presha.

— Tena anaomba kwa kilugha!

Hapo Geti akajitisha mwenyewe. Nikaona mkono wake unatambaa mpaka kwenye kikombe, akakifudikiza. Presha akakinyanyua chake, akawa amekishika hewani, hajui akiweke vipi. Wima kikabaki changu peke yake, na mimi ni muuzaji, nina upande.

Mhoja akakaa. Akakaa ukingoni kabisa, shati lake likakunjika upya.

— Sikilizeni, — akasema polepole. — Jumapili iliyopita kanisani kwetu Tindiga walisema vijana wote wenye ajira wasimame, waombewe. Wakasimama walimu, akasimama nesi, akasimama kijana wa bodaboda. Editha akasimama. Mtu nyuma akauliza, na huyu ana ajira gani? Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wanaume, nikamwona mwanangu anakaa. Anaamka saa kumi alfajiri, nikilala kwake namsikia akigonga ile kompyuta. Ijumaa hali chakula mpaka kazi yake imekwenda hewani. Anaandikia watu wa Dar makala, anarudishiwa, anaandika upya. Hajawahi kuniomba nauli. Na nikamwona anakaa. Nikasema hapana, Jumamosi nakwenda Mikumi kununua kahawa. Naona fahari juu yake, jamani! Nifanyeje?

Pingamizi aliangalia barabara, lakini kikombe hakukigeuza.

Fuso iliyobeba viazi ikapinda ikaingia kwenye vumbi letu, tairi la nyuma limeisha upepo. Akashuka mwanamke, dereva mwenyewe, wa makamo, kilemba kichwani na spika moja sikioni.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, binti yangu, — akajibu Geti kwa niaba ya wote.

— Naitwa Tumwagile, natoka Mbeya. Nani fundi hapa? — Presha akainuka na jeki yake. Tumwagile akakaa mahali pa Presha, akapokea kahawa. — Hivi Mvumi ni mbali na hapa? Kuna bibi wa huko nataka nimpelekee gunia la viazi.

— Ni ndugu yako?

— Wala! Nimemsikia kwenye podikasti. Nimemrudia mara tatu tangu Iringa. Si ndiyo ya binti wa hapa kwenu, Editha Mhoja? Madereva wote tunamsikiliza. Ukiwa na usingizi mlimani Kitonga pale, sauti yake inakukalisha sawa. — Akatuangalia mmoja mmoja. — Nyie si mmemsikia? Ni wa kwenu.

Mhoja ana simu ya tochi. Geti ana simu kubwa anayoangalizia mpira. Mimi nina simu ya kioo, na nimempa Editha kahawa za Jumatano miaka mitatu.

— Hata mmoja? — akauliza Tumwagile.

Akachomoa waya, akaweka simu yake katikati ya vikombe, akapandisha sauti. Kwanza akaongea Editha, taratibu, karibu kabisa, kama amekaa hapa pembeni. Alisema yuko Mvumi na leo anatuketisha na bibi Mwanaidi. Nikamwona Mhoja anashika magoti yake kwa mikono miwili. Halafu ikaja sauti ya kikongwe, kavu, yenye kicheko ndani.

"Mwanangu, trekta lile lilikuwa kubwa! Wanaume wawili walilijaribu, wakalitumbukiza mtaroni. Msimamizi wa mkonge akauliza nani anaweza. Nikasema mimi. Walivyocheka! Nikaifunga kanga hivi, nikapanda. Misimu minne nimevuta mkonge pale Kimamba, kutoka shambani mpaka kiwandani, sikuangusha mzigo hata mmoja. Walikuwa wakisikia mlio, wanasema, huyo Mwanaidi anapita. Ilipokuja mimba ya Yassin wangu, tumbo likawa haliingii kwenye usukani. Nikashuka, nikakabidhi ufunguo. Na mpaka leo likipita trekta barabarani, mguu wangu wa kulia unasogea wenyewe."

Kisha Editha akauliza, kwa sauti ndogo: "Bibi, nionyeshe unavyosogea." Wakacheka wote wawili, na kicheko kile kikamfikia hata Presha kule chini ya Fuso.

— Bibi noma! — akapiga kelele. — Bibi noma sana!

Pingamizi alikuwa amesimama, sijui tangu lini.

— Huyo ni mama yangu, — akasema.

— Acha utani, — akasema Tumwagile.

— Ni mama yangu mzazi. Yassin anayetajwa ni mimi. — Unga kwenye nyusi zake ulikuwa unatetemeka. — Mama yangu amelima mahindi maisha yake yote. Mimi najua jembe tu. Alikuwa dereva? Dereva wa trekta? Miaka hamsini huyu ni mama yangu, hajawahi kuniambia hata siku moja!

— Ulishawahi kumuuliza? — akasema Tumwagile.

Aliuliza hivi hivi tu, akipuliza kahawa yake. Tulingoja Pingamizi alipinge hilo. Ana majibu ya serikali, ana majibu ya mvua, ya bei ya mahindi, ya Mungu. Geti akatazama viatu vyake, na mimi nikamkumbuka baba yangu, ambaye sijui alikuja Mikumi kwa sababu gani, na hatunaye tena.

Pingamizi akainama, akachukua kikombe chake, akakifuta kwa kona ya shati, akakiweka wima. Cha Geti kikafuata. Presha akatoka uvunguni na mikono ya grisi, akaweka chake katikati.

— Mzee Mhoja, — akasema Pingamizi, — simama tena. Taja.

Mhoja akasimama. Akalinyoosha shati lake mbele na nyuma, na safari hii hakutafuta maneno. Aliyasema kwa nguvu mpaka utingo wa lori la ng'ambo ya barabara akageuka:

— Mwanangu Editha ni mwandishi! Na podikasti ni yake!

Nikamimina. Nilimimina mpaka mdomoni mwa vikombe, cha Tumwagile pia, na kahawa haikuwa nyepesi. Tukanywa wote isipokuwa Pingamizi. Yeye alikwenda nyuma ya rundo la matairi, simu sikioni, mkono mwingine kaziba nao sikio la pili kwa ajili ya malori. Presha, bila kuambiwa, akazima kompresa.

— Shikamoo mama... Hapana, hakuna msiba, wote wazima... Hapana mama, unga upo. Nauliza tu. Lile trekta... lilikuwa rangi gani?