Kompyuta Ambayo Lévi Alitaka Mama Yake Aione

Wapendwa mliofika kwenye kilio hiki hapa Kamalondo, Lévi Muhindo, ambaye mimi shemeji yake Mutale nimetumwa na familia kumsimulia, alizaliwa Butembo tarehe 9 Machi 1974, mtoto wa nne wa mfanyabiashara Vital na mwalimu Kavugho, na mama huyo ndiye aliyemfundisha kusoma, akimchapa kuliko wenzake ili asidhaniwe kumpendelea.

Vita vilimleta Lubumbashi mwaka 1996, akasomea kompyuta chuoni Kasapa, akafungua karakana yake mtaani humu, na tarehe 16 Agosti 2003 akamuoa dada yangu Mwansa, aliyemzalia Graciella na Emmanuella na kuvumilia nyaya hata kwenye kabati la vyombo.

Lévi alichukia prosesa, yaani bongo za kompyuta, ambazo wenye nazo huficha siri zake, basi mwaka 2024 akaagiza ya aina nyingine, ambayo kanuni zake ziko wazi kwa yeyote kuzisoma na kuzitumia bila kuomba ruhusa, akaapa kuunda kompyuta na kumpelekea mama yake, ambaye macho yalikuwa yakififia, aione angali anaona. Karatasi za mzigo ziliandikwa “processeur ouvert”, yaani prosesa iliyo wazi, na afisa mmoja mpakani akaelewa kwamba mzigo umefunguliwa njiani, akauzuia. Lévi alikwenda mara sita kumwambia, “Hakuna muntu alifungula, chef, iko ouvert tu,” na kila akieleza alizidi kushukiwa.

Neno hilo lilimlia miezi minane kabla mzigo haujaachiliwa. Januari 2025, kompyuta ikiwa tayari na tiketi mfukoni, vita vikaingia Goma, ambako angepitia kwenda Butembo, uwanja wa ndege ukafungwa. Kila Jumapili aliifuta vumbi na kuuliza kama ndege zimerudi. Alitamani nyumbani hadi sisi tukaacha kumtania.

Figo zilimlaza Juni, akafariki tarehe 3 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mwansa.

Mama Kavugho anatusikiliza kwa simu. Haoni tena, na ameomba tumweleze sura ya kompyuta hiyo. Mama, ni sanduku dogo la mbao nyekundu, Lévi alilipiga randa mwenyewe, kona moja imepinda, na likiwashwa linakuamkia kwa Kinande, lugha ya kwenu, kwa herufi kubwa mno, alizozipima kwa ajili ya macho yako.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliolala nje nasi, na mafundi wenzake. Lévi, mama amesikia yote. Sasa pumzika kwa amani.