Bi Sakamaki Chizuru na Foleni ya Kitabu Kimoja

Tarehe 31 Machi 2025 Bi Sakamaki Chizuru anastaafu baada ya kuutumikia mji wetu wa Hinosawa kwa miaka thelathini na minane. Yote ameitumikia Maktaba ya Mji, isipokuwa miwili aliyokwenda kusoma mita za maji. Hiyo miwili tutaifikia.

Aliajiriwa Aprili 1987 kuwa dereva wa gari la vitabu, kwa sababu kati ya waombaji wote ni yeye peke yake aliyepandisha gari mlimani kwenye theluji bila kupiga kelele. Gari lilikuwa na kipaza sauti kilichopiga wimbo ili watu wajue limefika. Bahati mbaya, gari la muuza mafuta ya taa nalo lilikuwa na wimbo uliofanana na huo. Majira yale ya baridi, kila kijiji alichoingia, akina mama walitoka mbio na madebe matupu wakisema, "Haya, jaza mpaka juu!" Naye alijibu kwamba mafuta hana, ila ana kitu cha kusomea karibu na jiko. Wengi waliona aibu kurudi mikono mitupu. Hivyo ndivyo tulivyowapata wasomaji wetu wengi wa milimani, na wimbo haukubadilishwa.

Mwaka 1995 alihamia sehemu ya watoto. Alianzisha saa ya hadithi ya Jumamosi, ambayo ingali hai, na akatufundisha sote kuziba kurasa zilizochanika kwa karatasi nyembamba na gundi ya unga wa mchele. Aliyebandika kwa selotepu alirudia kazi.

Oktoba 2005 likaja jambo la kitabu. Kilikuwa kitabu cha picha kilichochorwa na mtu aliyepelekwa vitani akiwa kijana, akachora aliyotendewa na pia aliyowatendea wengine. Diwani mmoja, Bwana Kurosu, alilalamika kwamba kinatisha watoto na kinauaibisha mji. Agizo likatoka: kiondolewe rafuni, kishushwe chumba cha chini, ambacho vitabu vyake watoto hawaazimishwi.

Lakini maktaba yetu ina utaratibu wa tangu zamani: kitabu kinachosubiriwa na msomaji hakihamishwi mpaka msomaji huyo akisome. Siku ile kilikuwa na msomaji mmoja anayekisubiri. Kesho yake asubuhi, watu walipokutana uwanjani kwa mazoezi ya viungo ya redioni, habari ilizunguka kwamba foleni isipokatika, kitabu hakishuki. Mama Nezu, muuza tofu ya maharage ya soya, ambaye mpaka leo humsimulia mwenyewe kila anayemkuta dukani, alikuja kaunta na aproni yake imelowa. "Mwanangu, mimi hata miwani sina," alisema, "lakini niandike."

Foleni ikawa ndefu. Kitabu kilitoka mkono huu kikaenda mkono ule bila kugusa rafu. Kilirudi kikinukia moshi, mara nyingine sabuni, na safari moja kilirudi na kipande cha figili ya achari katikati ya kurasa. Bi Sakamaki alikifuta, akakibandika, akamwita anayefuata.

Bwana Kurosu aliamini kuna kundi la watu nyuma ya jambo hili. Februari 20, 2006 alimfuata Bi Sakamaki kaunta kutaka majina ya waliomo kwenye foleni.

"Mama, mimi ni diwani."

"Najua, mheshimiwa. Kura yangu nilikupa wewe."

"Basi nipe majina."

"Na wewe ukiazima kitabu, jina lako sitampa mtu."

Mkurugenzi wa maktaba wa wakati huo alimwita jioni ileile. Alimweleza wazi kwamba akikataa atahamishwa, na nafasi ya mkuu wa sehemu ya watoto, aliyokuwa ameahidiwa, itakwenda kwa mwingine. Bi Sakamaki alikuwa akimuuguza mama yake, na nafasi ile ingemsaidia sana. Alisikiliza, akainama kwa adabu, akarudi kupanga vitabu vilivyorudishwa. Majina hakutoa. Aprili mosi, siku ya uhamisho kwa watumishi wote wa mji, alipangiwa Idara ya Maji.

Huko nako hakununa. Wenye nyumba walimfagilia theluji juu ya mita kabla hajafika. "Bi Sakamaki, kifungo chako kinaisha lini?" walimtania. "Choo chenu kinavuja," alijibu, "hilo ndilo langu kwa sasa."

Foleni iliendelea bila yeye, na majina hayakutolewa na sisi tuliobaki pia. Tulikuwa tumeona inavyofanywa. Mwishowe Bwana Kurosu alijiandikisha mwenyewe, ili akalisomee baraza zima kurasa mbaya. Alisubiri zamu yake kama watu wengine. Juni 2007 alikirudisha kwa mkono wake, na barazani alipoulizwa alisema, "Sikipendi hata kidogo. Nimekisoma mara mbili." Akaketi. Agizo likafutwa mwezi uliofuata, na Aprili 2008 Bi Sakamaki akarudi kwetu. Amekuwa mkuu wa sehemu ya watoto tangu 2011, na ndiye aliyeanzisha utaratibu wa kumpa kila mtoto mchanga wa Hinosawa kitabu chake cha kwanza.

Kitabu kile sasa kipo rafu ya watoto, safu ya chini. Wiki nyingi hakuna anayekigusa. Mwaka jana mfanyakazi mgeni alisikitika kwamba watu wamekisahau, naye Bi Sakamaki akacheka: "Si ndiyo raha yenyewe? Sasa ni kitabu tu."

Bi Sakamaki, tunakushukuru kwa wimbo, kwa gundi na kwa yale majina ambayo hayajatolewa hadi leo. Tunakuombea afya, bustani isiyo na theluji nyingi, na mchana mrefu wa kusoma. Tumesikia kwamba Aprili mosi utakuja kuchukua kadi ya msomaji wa kawaida. Karibu sana. Utakachoazima, hatutamwambia mtu.